Urubani: ndoto ya mmoja, gharama ya ukoo mzima

Ukichukua ramani ukachora mstari ulionyooka kutoka Dar es Salaam hadi Kigali, mstari huo utapita karibu kabisa na maporomoko ya Rusumo, wilayani Ngara. Chini yake, malori ya mizigo ya Rwanda hupanga foleni kusubiri kuvuka mpaka. Kwa basi, safari ya kutoka Ngara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 za kukaa kitini mchana na usiku. Ndege ya jeti huumaliza umbali huo kwa saa mbili hivi. Haishangazi, basi, kwamba mwalimu wa Ngara au Biharamulo akiuliza darasa zima wanataka kuwa nani, hakosi mikono miwili mitatu ya wanaotaka kuwa marubani.

Darasani jibu hilo hupigiwa makofi. Nyumbani linaanzisha hesabu. Katika wilaya hizi mbili, ambako familia nyingi hutegemea migomba, kahawa, maharage, mahindi na ng'ombe wachache, kumsomesha mtoto urubani hakuwezi kuwa jambo la mtoto na baba yake tu. Wajomba wataitwa, mama wadogo watachangishwa, shamba la babu litatajwa. Kwa hiyo swali ambalo vijana huliuliza sana, kwamba je, kazi hii inastahili kujinyima kote kule, halina budi kuulizwa kwa upana zaidi: ni nani hasa anayejinyima, na yeye atapata nini?

Saa 200 za kununua

Njia ya kuingia inajulikana. Kijana anasoma sayansi, mara nyingi mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) au PGM (fizikia, jiografia na hisabati), kisha anatafuta chuo cha urubani. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ndivyo msingi wa kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Leseni ya rubani binafsi huanzia umri wa miaka 17 na saa 40 za kuruka. Leseni ya biashara, ile inayomruhusu mtu kulipwa kwa kurusha ndege, huanzia miaka 18 na saa 200, au 150 kwa aliyesoma kozi moja ya mfululizo iliyoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, inayohitajika kwa kepteni wa ndege kubwa ya abiria, hudai miaka 21 na saa 1,500.

Saa hizo zinanunuliwa. Kila moja ina mafuta yake, kodi ya ndege na ada ya mkufunzi, na mwisho wake inaandikwa kwenye daftari la rubani: tarehe, namba ya ndege, ilikotoka, ilikotua, dakika ilizokaa hewani. Kwa miaka mingi Watanzania wamezifuata saa hizo Afrika Kusini, Ethiopia au Uwanja wa Wilson, Nairobi, na gharama yote hadi leseni ya biashara hupita kwa urahisi shilingi milioni 100. Mfuko wa mafunzo wa TCAA umewadhamini baadhi, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kimenunua ndege ndogo za mafunzo ili masomo haya yapatikane nchini. Hizo ni hatua za kupongezwa. Bado nafasi ni chache kuliko wanaozitaka, na wengi wanaofika mwisho wa kozi wamefikishwa na mali ya familia.

Tatizo kubwa linakuja baada ya mahafali. Mwenye saa 200 ana leseni halali, lakini waajiri wengi wanataka mwenye saa zaidi, na ndege kubwa zinadai mafunzo ya ziada ya aina mahususi ya ndege, ambayo nayo yana bei yake. Wakati kijana anasubiri, leseni inaendelea kula fedha: uchunguzi wa afya, mitihani ya kuhuisha, saa chache za kuruka ili mkono usisahau. Kipindi hiki ndicho kinachoziumiza familia nyingi, kwa sababu hakikuwemo kwenye hesabu ya kikao cha ukoo. Shamba limekwisha kuuzwa, mdogo wake amesimamishwa chuo ili zamu ya kaka ipite kwanza, na kaka yuko nyumbani na vyeti vyake.

Viwanja vya vumbi

Wanaopata kazi ya kwanza, mara nyingi huipata kwenye ndege ndogo zinazohudumia mbuga, visiwa na wilaya zisizo na viwanja vikubwa. Ngara na Biharamulo zina viwanja vidogo vya aina hiyo, na anayetaka kuijua kazi yenyewe ataijua vizuri zaidi hapo kuliko kwenye jengo la vioo la Dar es Salaam.

Kwenye kiwanja kidogo, rubani ndiye anayepima mizigo, kuipanga, kuwafunga abiria mikanda na kukagua mafuta. Kabla ya kutua huenda akapita chini mara moja ili ng'ombe na mbuzi waondoke njiani. Ngara iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Jua la mchana likiwaka inakuwa nyepesi zaidi. Bawa linabeba kidogo, injini inavuta kidogo, na ndege inahitaji njia ndefu zaidi ili inyanyuke. Hapo rubani wa miaka 24 analazimika kumwambia abiria mwenye haraka, pengine mtu mzima mwenye cheo, kwamba gunia lake litabaki. Uwezo wa kusema hapana kwa heshima na kutorudi nyuma ni sehemu ya kazi, na hautajwi kwenye matangazo ya vyuo.

Wazee wa Ngara wanakumbuka jinsi safari moja ya ndege ilivyobadilisha wilaya yao. Tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda, ikitokea Dar es Salaam, ilitunguliwa ilipokuwa ikijiandaa kutua Kigali. Walikufa yeye, Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi na wote waliokuwa ndani, wakiwamo Wafaransa watatu walioirusha. Wiki chache kabla, mmoja wao, Jean-Pierre Minaberry, alikuwa amemwandikia mwenzake barua akieleza hofu yake ya makombora. Aliendelea na kazi. Yakafuata mauaji ya kimbari, na mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa takriban saa 24. Kambi ya wakimbizi ya Benaco ikazaliwa, na ndege ndogo za mashirika ya misaada zikawa zinatua Ngara zikileta madaktari na dawa. Wilaya hii, basi, imeiona kazi ya urubani kwa pande zote mbili: hatari yake, na msaada wake kwa mtu aliye mbali na kila kitu.

Wikendi moja ya Novemba

Mwaka 2022, ndani ya siku mbili zilizofuatana, Afrika Mashariki ilionyeshwa mambo mawili ambayo kila familia inayofikiria urubani inapaswa kuyajua.

Jumamosi ya tarehe 5 Novemba, marubani wa Kenya Airways waligoma. Madai yao yalihusu michango ya mfuko wao wa akiba na stahiki zilizosimamishwa wakati wa janga la Uviko-19. Maelfu ya abiria walikwama hadi mahakama ilipoamuru warudi kazini. Hawa walikuwa marubani wa shirika kubwa, waliokwisha kufika pale ambapo kijana wa Biharamulo anaota kufika, na bado usalama wa kipato chao haukuwa wa uhakika.

Jumapili asubuhi, tarehe 6, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria katika hali mbaya ya hewa, ikikaribia kutua Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 24 waliokolewa na 19 walifariki. Mvuvi kijana Majaliwa Jackson na wenzake walifika kwa mitumbwi na kusaidia kuwaokoa abiria. Kepteni Buruhani Rubaga na rubani msaidizi Peter Odhiambo hawakutoka. Kwa mkoa mzima wa Kagera, zilimo Ngara na Biharamulo, msiba huo haukuwa habari ya mbali, kwa kuwa Bukoba ndiyo makao makuu ya mkoa wao.

Ajali kama hiyo ni nadra, na usafiri wa ndege za mashirika makubwa ni miongoni mwa njia salama kuliko zote. Kinachomwandama rubani zaidi ni kuyumba kwa ajira. Fastjet ilianza safari zake Tanzania Novemba 2012, na ilipofika mwisho wa 2018 ilikuwa imesimama. Mwishoni mwa 2022 Air Tanzania ililazimika kuziegesha baadhi ya ndege zake aina ya Airbus A220 kwa sababu ya hitilafu za injini zilizozikumba nchi nyingi. Ndege ikiegeshwa, rubani wake haongezi saa, na ujuzi wake wa ndege hiyo una muda wa kuisha.

Kuna pia uchovu. Februari 2009, ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Wachunguzi walitaja kosa la kepteni kuwa chanzo, lakini uchunguzi ulifichua pia maisha ya marubani wa ngazi ya chini: rubani msaidizi, mwenye mshahara mdogo, alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle ili kuwahi zamu. Marekani ikabadilisha sheria, na tangu 2013 marubani wasaidizi wa mashirika ya abiria huko kwa kawaida wanatakiwa kuwa na saa 1,500.

Kinachobaki nyumbani

Gharama nyingine haimo kwenye daftari lolote. Ratiba ya rubani haijui Krismasi wala Idi. Msiba ukitokea Rulenge na yeye yuko kwenye zamu, maziko yatafanyika bila yeye, na katika jamii ambayo kuhudhuria mazishi ni wajibu wa kwanza wa ndugu, kukosekana huko huongelewa kwa miaka. Mwenza wake hulea watoto peke yake siku nyingi. Afya nayo ni sharti la ajira: uchunguzi wa Daraja la Kwanza hurudiwa kila mwaka, na kila miezi sita umri ukisonga. Moyo ukileta shida akiwa na miaka 40, kazi inaweza kukoma siku hiyohiyo, na mkopo usikome.

Hata hivyo, wapo ambao kwao hesabu hii yote imelipa. Irene Koki Mutungi wa Kenya aliingia Kenya Airways akiwa rubani mwanamke wa kwanza, akakaa miaka sita akiwa peke yake, na baadaye akawa kepteni wa Boeing 787. Baba yake alikuwa rubani, kwa hiyo aliijua kazi kabla ya kuichagua. Madaktari wa ndege wa AMREF, huduma iliyoanzishwa 1957, wamefikisha tiba kwa watu ambao gari lisingewawahi. Tanzania nayo imeongeza ndege tangu 2016, na kila ndege mpya inahitaji marubani wengi, kwa sababu haikai chini mchana kutwa.

Ukiyapima yote, urubani unastahili kwa kijana anayeipenda kazi yenyewe kwa siku zake za kawaida, za kupima mizigo na kusubiri mvua ipite, na ambaye familia yake inaweza kumvusha miaka miwili au mitatu ya kukosa ajira bila kumtoa mtoto mwingine shuleni. Kwa anayevutwa na sare na heshima ya mtaani, haustahili. Na kwa familia ambayo itabidi iuze shamba lake la pekee, ni kamari ambayo haipaswi kuchezwa. Mtoto wa familia hiyo anastahili mkopo au ufadhili wa umma, na halmashauri za Ngara na Biharamulo, pamoja na TCAA, zina wajibu wa kuzifikisha taarifa za ufadhili huo shuleni mapema, kabla ya kidato cha tano.

Kwa mzazi wa Kabanga, Nyakahura au Runazi ambaye mwanawe ameshatamka neno rubani: usianze na mnunuzi wa shamba. Mpeleke kwanza kijana kwa daktari aliyeidhinishwa na TCAA afanyiwe uchunguzi wa Daraja la Kwanza wa macho, masikio na moyo. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na ada. Akipita, tafuteni ufadhili na mwandike bajeti inayojumuisha miaka ya kusubiri. Asipopita, uhandisi wa ndege na uongozaji wa safari za anga husomwa hapahapa nchini, na shamba litakuwa bado lenu.