Kutazama ndege na watoto: Juni au Desemba?

Mzazi wa Bariadi anayetaka kuwapeleka watoto Serengeti huuliza kwanza habari za simba. Mimi humshauri apange safari kwa kufuata ndege, simba akitokea awe nyongeza. Simba hulala kivulini sehemu kubwa ya mchana, na mtoto wa miaka saba hawezi kukaa garini asubuhi nzima akikodolea macho nyasi. Ndege hawana uvivu huo, na Serengeti pekee ina spishi zaidi ya 500.

Amua kwanza ni likizo ipi. Shule hufungwa Juni na Desemba, na miezi hiyo haifanani hata kidogo. Juni masika yamekwisha, njia zimekauka, na mara nyingi nyumbu huwa wanapita ukanda wa magharibi, karibu na Mto Grumeti, yaani upande wetu huu. Lango la Ndabaka liko kando ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma, jirani na Lamadi, na kutoka Bariadi hadi Lamadi ni lami, kama kilomita 70. Desemba nyumbu wengi wanaelekea nyanda za kusini-mashariki, na ule udongo mweusi wa magharibi ukilowa hunasa hata gari lenye nguvu. Lakini Desemba ndiyo zamu ya wageni waliokimbia baridi ya Ulaya, korongo weupe na mbayuwayu, na mvua zikinyesha vizuri madume wa kwera huvaa njano na kusuka viota. Mwenye watoto wadogo aende Juni. Mwenye kijana aliyekwisha kunogewa na ndege aende Desemba, ila siku nyingi azitumie mwambao wa Ziwa Victoria, si ndani ya hifadhi.

Kuna watu wanaokata tiketi kutoka Uingereza au Marekani ili wamwone ndege ambaye mtoto wa Simiyu humwona njiani akienda shule. Ni yule kasuku mdogo wa kijani, uso rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, jicho lina pete nyeupe. Wataalamu walimpa jina la Gustav Fischer, mpelelezi Mjerumani wa karne ya 19. Makao yake ya asili hasa ni kaskazini mwa Tanzania, kusini na kusini-mashariki mwa Ziwa Victoria, na hutaga kwenye matundu ya miti. Miaka ya 1980 alinaswa kwa wingi mno na kuuzwa nje akafugwe vizimbani. Ndiyo maana leo wengi duniani wanamjua wa kizimbani tu. Mwingine ni kwale wa kifua kijivu, ambaye hapatikani nje ya Tanzania. Mtafuteni asubuhi kwenye vichaka vya migunga ndani ya Serengeti.

Kabla ya kulipia chochote, fanyeni jaribio nyumbani. Wasukuma wana ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate nyasi kiangazi. Nyingi zilikuwa zimekufa, zikafufuliwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986 na kumalizika 2004, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado mkoa wa Shinyanga. Miti iliporudi, ndege nao walirudi. Ombeni ruhusa kwa mwenye ngitili au serikali ya kijiji, mwende jua linapochomoza. Mtoto akichoka baada ya saa moja, mmejua kipimo chake. Na mkimpata kijana wa manati wa kijiji hicho, mchukueni awaongoze. Anajua kila kiota kilipo, na siku hiyo manati ibaki nyumbani.

Darubini moja nzuri ni bora kuliko tatu za kuchezea. Tafuteni iliyoandikwa 8x32 au 8x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ya kukuza mara 10 inavutia dukani, lakini mkono wa mtoto ukitikisika kidogo, picha nayo inarukaruka.

Siku moja ipewe ufuko wa ziwa, upande wa Busega. Kuna furukombe, mnandi, mwari, na mdiria mweusi-mweupe anayesimama hewani kabla ya kujitupa majini. Watoto watazame kutoka nchi kavu. Ziwa lina kichocho, mbali na mamba na viboko.

Siku ya hifadhi laleni Lamadi, mfike Ndabaka saa 12 asubuhi lango linapofunguliwa, kwani baada ya saa 4 ndege wengi hunyamaza. Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu. Ulizeni mapema namba ya malipo. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, ada ndogo sana ukilinganisha na ya wageni, na walio chini ya miaka mitano hawalipi, hivyo bebeni vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa. Sweta ya shule ya bluu iacheni nyumbani. Porini kuna mbung'o, nao huvutwa na bluu na nyeusi. Mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo. Kaki au kijivu chenye mikono mirefu kinatosha, na vioo vifungwe mnapopita kwenye miti mingi.