Uchumi wa afya na ng'ombe wa mama

"Hiyo ni kazi ya daktari au ya karani?"

Ndivyo dada yangu alivyoniuliza siku binti yake aliposema anataka kusoma uchumi wa afya chuo kikuu. Dada huvusha mchele na vitunguu kutoka Ngara hadi Kirehe kupitia daraja la Rusumo, na ada ya chuo ingemmalizia mtaji. Akataka mimi, mwalimu wa familia, niseme neno.

Nilimkumbusha ng'ombe.

Tulirudi Rwanda mwaka 2006 kutoka Karagwe, nilikozaliwa na kusomea. Wakati huo mchango wa mituweli, yaani bima ya afya ya jamii, ulikuwa faranga 1,000 kwa mtu kwa mwaka. Tulikuwa wanane. Mama akataka kumwandikisha babu peke yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akikohoa. Sisi wazima tulipiwe nini? Akaambiwa ni kaya nzima au basi. Mama akaona huo ni wizi, akarudi na pesa zake kwenye pindo la kanga.

Haikupita miezi mitatu, dada akapasuliwa ili ajifungue. Ng'ombe tuliyevuka naye akauzwa. Mtoto aliyezaliwa siku ile ndiye huyu anayeomba ada.

Kwa nini mama alikataliwa? Wakichangia wanaokohoa tu, mfuko hukauka; mchango hupandishwa, na wazima waliobaki nao hujitoa. Mchumi wa Marekani, Kenneth Arrow, aliandika mwaka 1963 jinsi soko la tiba lisivyofanana na soko la bidhaa nyingine. Vitunguu unavijua kabla hujanunua. Ugonjwa huujui siku wala bei yake.

Mwanafunzi wa fani hii hupima mambo kama hayo kwa takwimu. Anayekimbia hisabati asijidanganye, atateseka. Shirika la Afya Duniani limewahi kuweka kipimo: matibabu yakila asilimia 40 ya kinachobaki baada ya chakula, kaya hiyo imepata janga. Yetu yalikula ng'ombe mzima.

Wenye fani hii pia ndio hupiga hesabu ya nani achangie nini. Mwaka 2011 Rwanda iliacha mchango mmoja kwa wote, ikapanga 2,000, 3,000 na 7,000 kwa kufuata tabaka za Ubudehe, na walio maskini zaidi wakalipiwa.

Binti alikuwa kimya muda wote. Kisha akauliza: "Mjomba, mama akiugua akiwa Ngara, kadi yake ya mituweli itamsaidia?" Haitamsaidia, nikamwambia. "Basi hilo ndilo ninalotaka kulisomea. Kila siku wanavuka wangapi kama mama?"

Dada alinyanyuka, akafunga mkoba wake.

"Ada nitaitafuta," alisema. "Lakini likizo, hesabu za vitunguu ni zake."