Kutia Grisi Beringi za Tela

Ndani ya kitovu cha gurudumu la tela dogo, kwa desturi, mna beringi mbili. Kila moja ina vigogo vidogo vya chuma, vinene upande mmoja na vyembamba upande wa pili, navyo hubingirika gurudumu lizungukapo. Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi huko Marekani, alipata hati ya uvumbuzi wa beringi za namna hii mwaka 1898.

Wako watu wapakao grisi mpya juu ya ile kuukuu, wakadhani kazi imekwisha. Kumbe mchanga umejificha humo, nao hula chuma kama tupa. Beringi iliyolika hushika moto, hukwama, na gurudumu laweza kung'oka njiani.

Basi fundi huliinua tela, hulitegemeza imara, na kutoa gurudumu. Beringi huziosha kwa mafuta ya taa, mbali na moto, hata zing'ae, kisha huziacha zikauke kabisa. Hazizungushi kwa upepo wa pampu, maana vigogo huweza kuruka na kumjeruhi. Iliyo na vishimo au rangi ya buluu, ambayo ni alama ya joto, huitupa.

Huweka grisi kiganjani, akaisukumiza katika upande mnene wa beringi mpaka itokeze upande wa pili. Kuipaka nje tu hakufai kitu. Mwisho hukaza nati huku akizungusha gurudumu, huilegeza kidogo tu, ndipo hutia pini mpya na kuikunja, nati isijifungue.