Wanaokwenda Kujitafuta Kharumwa

Lipo neno ambalo sisi tuliokua zamani tulilitumia kwa kitu kilichopotea: ufunguo, mbuzi, mtoto sokoni. Vijana wa leo wanajitafuta wenyewe. Ukimuuliza kijana habari za maisha, anakujibu, bila haya yoyote, kwamba bado anajitafuta. Na mwenzake aliyekwisha kununua kiwanja au gari husemwa kuwa amejipata. Mimi neno hili silichukii. Nimeliona lina ukweli ndani yake, na wiki hii nataka tulifuate hadi huko linakowapeleka baadhi yao.

Huko Ulaya na Marekani kijana aliyechoshwa na ofisi hufunga mkoba wa mgongoni, akaenda India au Peru miezi sita, akarudi na picha na fikra mpya. Kijana wetu hana nauli ya kwenda kutazama milima ya watu. Safari yake ni lazima ilete kitu, maana nyuma yake kuna mama anayesubiri dawa na mdogo wake anayesubiri ada. Kwa hiyo akiacha kazi ya kalamu, mara nyingi anakwenda kwenye dhahabu.

Nawazungumzia vijana watatu ninaowafahamu, marafiki waliosoma pamoja, ambao majina yao nitayaacha. Mmoja alikuwa karani wa benki, wa pili mwalimu wa sekondari, wa tatu alifanya kazi kwa wakala wa forodha. Wote waliacha kazi katika mwaka mmoja na kuelekea Kharumwa.

Kharumwa ni makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, wilaya iliyokatwa kutoka Geita wakati Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012. Ukitokea Mwanza unavuka Daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, unapita Sengerema, ndipo unaingia nchi ya Wasukuma wanaolima mpunga, mahindi na pamba na kufuga ng'ombe. Kaskazini magharibi uko mgodi mkubwa wa Geita, na upande wa kusini uko ule wa Bulyanhulu. Katikati ya wakubwa hao wawili wamesambaa wachimbaji wadogo, na hao ndio waliowavuta marafiki zangu.

Kwa nini mtu aache mshahara? Wazee husema ni tamaa. Nadhani jibu hilo ni la haraka mno. Mwalimu yule aliponionyesha karatasi yake ya mshahara niliona mistari mingi kuliko fedha: kodi ya mapato, asilimia 5 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 15 ya kulipa mkopo aliosomea chuo kikuu, halafu mkopo wa benki alioukopea bati za nyumba ya wazazi. Alichobaki nacho alikuwa anakijua hadi shilingi ya mwisho, na alijua kwamba mwezi ujao kitakuwa kile kile, na mwaka ujao kitakuwa karibu na kile kile. Nilichokiona usoni pake ni uchovu wa kuyajua maisha yako yote kabla hujayaishi.

Wala safari hii si mpya katika sehemu hizo. Katika karne ya 19 vijana wa Kinyamwezi na Kisukuma walibeba mizigo ya misafara hadi pwani, na kijana aliyekwenda na kurudi alihesabiwa kuwa amekuwa mtu mzima. Baadaye wakaja manamba waliokwenda kukata mkonge Tanga. Kisha, kati ya mwaka 1993 na 1996, Serikali ilipunguza makumi ya maelfu ya watumishi wake, na miongoni mwa waliopunguzwa walikuwapo walioingia machimboni, hasa kwa kuwa tangu mwaka 1990 benki za umma zilikuwa zimeanza kununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo bila kuwauliza maswali mengi. Tofauti ni kwamba wale walisukumwa. Hawa wa sasa wanaandika barua wenyewe.

Na hapo kwenye barua ndipo panapoumiza watu, kwa hiyo naomba tupatulie. Wengi hawaiandiki kabisa. Wanaomba ruhusa ya siku mbili, wanapanda basi, basi yamekwisha. Sheria zetu za kazi zinahesabu kutokuwapo kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa kuwa kosa la kumfukuzisha mtu, na mtumishi wa umma aliyefukuzwa kwa utoro atapata taabu kubwa kurudi akigeuza nia. Anayeacha kwa kufuata utaratibu, akatoa notisi ya mwezi au akalipa mshahara wa mwezi badala yake, anabaki na jina safi. Lakini hata yeye asidhani kwamba michango yake inamsubiri dirishani. Fao la kukosa ajira, lile la theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita, ni la aliyeachishwa; aliyeacha kwa hiari yake halimhusu. Pensheni nayo inataka miezi 180 ya kuchangia. Karani wa benki alikuwa na miezi 50 na kitu. Aliyajua hayo baada ya kufika Kharumwa, kwa simu.

Sasa tuingie machimboni. Shimo huitwa duara. Juu ya ardhi yuko mwenye leseni ya uchimbaji mdogo, ambayo kisheria ni ya Watanzania na hudumu miaka saba. Chini yake yuko mwenye duara, ambaye ndiye anayetoa mtaji: chakula cha vijana, matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke, mafuta ya mashine ya kuvuta maji, kamba, baruti. Chini kabisa wako wachimbaji wanaozama. Hawa hawana mshahara. Wanapewa posho ya kula na kungojea mgawo. Mawe yakitoka yanagawanywa kwa mifuko. Mgawanyo hutofautiana kati ya machimbo na machimbo, lakini ni kawaida mwenye leseni kuondoka na kama asilimia 30, halafu mwenye duara na vijana wake wagawane iliyobaki baada ya gharama. Mfuko wako unaupeleka kwenye karasha ukasagwe, unga unaoshwa mwaloni, unashikwa kwa zebaki, zebaki inachomwa. Hapo ndipo unapojua kama ulibeba dhahabu au ulibeba mawe. (Moshi wa zebaki usiukaribie, na usiuchomee jikoni kwako; nimeona watu wazima wenye akili wakifanya hivyo.)

Mtu wa ofisini akifika na akiba yake, aghalabu anataka kuanza katikati ya ngazi. Anakuwa mwenye duara kabla hajajua jiwe. Rafiki yetu wa forodha ndivyo alivyofanya. Kwa miezi minne alilisha vijana wanane, na kila alipotaka kuacha aliambiwa mwamba uko karibu, umebaki mita mbili. Huenda walikuwa wakweli. Anayetoa mtaji hawezi kujua, kwa sababu yeye hazami, na anayezama hana sababu ya kuharakisha siku ya mwisho ya posho. Fedha zilikwisha, duara likachukuliwa na mwingine. Kama lilitema au halikutema sikuuliza, kwa kuwa niliona swali hilo lingemuumiza bure.

Watafiti Deborah Bryceson na Jesper Bosse Jønsson, walioandika mwaka 2010 kuhusu wachimbaji wa Londoni mkoani Singida na Matundasi mkoani Mbeya, waliieleza kazi hii kama ajira yenye ngazi zake, ambayo mtu huijifunza kwa mikono na kwa kuhama kutoka chimbo moja hadi jingine. Wazo hilo lilinisaidia. Sisi wa mjini tunayaona machimbo kama bahati nasibu, kumbe yana uanagenzi kama ufundi seremala, na mwanagenzi hununua ujuzi kwa miaka, hanunui kwa akiba ya benki. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini hawa wageni wetu walikuja wakitaka kumwajiri mwenye jembe.

Mwalimu ndiye aliyenishangaza. Alizama kweli. Alibeba mifuko, akala posho, akahama machimbo matatu kufuata habari za mlipuko mpya, kama wafanyavyo wote. Siku moja ugomvi ulizuka wa kugawana mifuko, na yeye, kwa mazoea ya darasani, akachukua daftari akaandika kila mfuko, mwenye nao na gharama iliyokatwa, akawasomea wote kwa sauti. Ugomvi ukaisha. Tangu siku hiyo akawa anaitwa kwenye maduara mengine kuandika. Tangu Serikali ilipofungua masoko ya madini mwaka 2019, muuzaji hupimiwa na kuandikishwa, na mchimbaji asiye na hesabu zake anaondoka bila kujua alichokatwa. Wanamhitaji mtu wa daftari. Analipwa kidogo kwa kila duara, lakini maduara ni mengi, na hazami tena.

Sitaki msikilizaji aondoke akidhani nawashauri walimu waache madarasa. Wanafunzi aliowaacha yule kijana walikaa muda mrefu bila mwalimu wa hesabu, na hilo nimemwambia. Aliinamisha kichwa, akasema, "Shikamoo mzee, najua."

Karani wa benki alirudi mjini baada ya mwaka na nusu. Hakurudi kwenye kaunta. Anauza vipuri vya pikipiki, na anasema Kharumwa ilimfundisha kuamka saa kumi alfajiri. Yule wa forodha bado yuko huko. Mara ya mwisho kupata habari zake alikuwa mchimbaji wa kawaida katika duara la mtu mwingine, anazama zamu ya usiku, na mama yake ananipigia kila Jumapili kuniuliza kama nimesikia lolote.