Je, Kuugua Surua Humwimarisha Mtoto?

“Daktari, si afadhali augue mwenyewe ili damu yake ipate nguvu?” Swali hili niliulizwa kliniki na mama aliyempakata mwanawe wa miezi 18, akisita kumchanja dozi ya pili ya surua. Hakuwa mzembe. Alirudia aliyoyasikia kwa wazee wake, na katika maneno hayo umo ukweli kiasi.

Virusi vinapoingia mwilini, seli nyeupe za damu huvitambua na kutengeneza kingamwili za kupambana navyo. Mgonjwa akishapona, baadhi ya seli hizo hubaki na kumbukumbu ya adui. Mwaka 1846 surua ilizuka katika visiwa vya Faroe, na daktari Peter Panum wa Denmark akabaini kwamba wazee waliowahi kuiugua mwaka 1781 hawakuipata tena. Kumbukumbu ilikuwa imedumu miaka 65.

Hata hivyo, kumbukumbu hiyo ni ya adui yule yule. Kinga si msuli unaokomaa kwa kubebeshwa kila mzigo: aliyepona surua hakujipatia ngao dhidi ya polio wala homa ya ini. Tena vipo virusi vinavyoushambulia mfumo wa kinga wenyewe. VVU ndivyo vinavyojulikana zaidi, lakini surua nayo imo katika kundi hilo, kwa kuwa huingia ndani ya seli za kumbukumbu na kuziangamiza.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulipima damu ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, kabla na baada ya kuugua surua. Walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya vimelea vingine. Mwili ulikuwa umesahau masomo uliyokwisha kujifunza. Ndiyo maana mtoto huweza kupona vipele, kisha akarudishwa hospitalini kwa nimonia au kuhara.

Chanjo hutumia virusi vilivyodhoofishwa. Huufundisha mwili kuitambua surua bila kufuta kumbukumbu nyingine. Nchini Tanzania hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha miezi 18.

Kwa wahudumu wenzangu: mzazi anayesita asikaripiwe, aelezwe. Mtoto mwenye surua apewe vitamini A kwa mujibu wa mwongozo, na afuatiliwe hata baada ya kupona. Kwa wazazi: mtoto aliyetoka kuugua surua akipumua kwa haraka, akiharisha au akikataa kunyonya, msingoje kesho.

Mama yule alisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Kwa hiyo surua haimwongezei, inampunguzia?” Nikamjibu, “Ndivyo, mama.” Akanikabidhi kadi ya kliniki.