Kuchagua Chuo cha Marekani kwa Namna Kinavyofundisha

Vyuo vya Marekani vyenye ushindani mkali wa udahili hutajwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali madarasani vimeachana mbali. Kinachovitenga ni utamaduni wa masomo: mwanafunzi analazimika kusoma nini, darasani anasema au anasikiliza, alama anapewaje, na muda wake umegawanywa vipi. Orodha za ubora wa vyuo hazioneshi mambo hayo, na vijitabu vya kuvutia waombaji havioneshi zaidi ya picha za majani ya vuli. Yamo katika kanuni za masomo, waraka ambao waombaji wengi hawaufungui.

La kwanza ni masomo ya lazima. Kijana aliyemaliza kidato cha sita cha Tanzania na tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati) au HGL (historia, jiografia na Kiingereza) hulikuta geni, kwa kuwa shule ilikwisha kumfunga kwenye njia moja. Columbia College, jijini New York, ina mtaala wa msingi ulioanza mwaka 1919. Anayetaka fizikia na anayetaka historia huketi meza moja wakamjadili Homer, kisha Plato, wapende wasipende. Brown, kule Providence, ilishika njia ya kinyume mwaka 1969, pale wanafunzi wenyewe walipodai mageuzi na masomo ya lazima kwa wote yakaondolewa. Yaliyobaki hasa ni masharti ya fani ambayo mtu anabobea. Amherst nayo haina mtaala wa msingi. Ukingoni kabisa iko St. John's, yenye kampasi Annapolis na Santa Fe, ambako tangu 1937 karibu kila kitu kimekwisha kupangwa: wote husoma vitabu vilevile, kuanzia Euclid hadi Einstein.

Uhuru wa Brown husifiwa sana, na unastahili, ila haumfai kila mtu. Hunufaika nao anayejua anachokitafuta, au asiyejua lakini ana ujasiri wa kujaribu na kuacha. Anayengoja kuelekezwa anaweza kufika mwaka wa nne na rundo la kozi zisizoshikana. Huyo Columbia ingemfaa zaidi, hata kama mwaka mzima wa kwanza angenung'unika.

Alama nazo hufichua mengi. Brown haitoi D, na kozi aliyofeli mwanafunzi haionekani kwenye nakala ya matokeo inayotoka nje ya chuo. Reed, jijini Portland, huhifadhi alama, lakini kazi hurudishwa na maoni ya maandishi bila herufi. Anayezitaka alama zake huziomba. Anayedhani huo ni ulegevu ajue kwamba hapohapo Reed hakuna anayehitimu bila kuandika tasnifu na kuitetea mbele ya jopo. Caltech, yenye hisabati na fizikia za lazima kwa wote, haitoi alama za herufi katika mihula miwili ya kwanza, na mitihani mingi mwanafunzi huifanyia chumbani kwake bila msimamizi, kwa uaminifu tu. Princeton iliwahi kuwataka walimu wabane idadi ya A, kuanzia 2004. Mwaka 2014 ikaachana na sera hiyo.

Kisha sauti ya mwanafunzi. Vyuo vikuu vikubwa huwa na mihadhara ya mamia ya watu, hasa mwaka wa kwanza. Williams ina kozi ambazo wanafunzi wawili hukutana na mwalimu kila wiki: mmoja husoma insha yake, mwenzake huichambua, wiki inayofuata wanabadilishana. Hakuna pa kujificha. Swarthmore, kupitia programu iliyoanza 1922, huwaalika watahini wa nje kuwapima wanafunzi waliojiunga nayo. Kuhusu muda, mfano ulio wazi ni Colorado College: tangu 1970 mwanafunzi husoma kozi moja tu kwa wiki tatu na nusu, akaimaliza, akaingia nyingine.

Mfumo wa pamoja wa maombi, Common App, unaruhusu vyuo hadi 20, lakini vingi hudai insha ya kueleza kwa nini chuo hicho, na anayejua kanuni za chuo huiandika vizuri kuliko anayejua sifa zake. Mwombaji wa Afrika Mashariki pia hulazimika kuuliza habari ya fedha mapema: Amherst na Princeton ni miongoni mwa vyuo vichache visivyotazama mfuko wa mgeni wakati wa kumdahili. Uamuzi unabana zaidi katika maombi ya mapema yenye ahadi, ambayo hupelekwa chuo kimoja tu. Atakayekubaliwa kwa njia hiyo hana budi kuondoa maombi yake kwingine kote, isipokuwa msaada wa fedha alioahidiwa ukiwa hautoshi.