Shabiki Naye Aingie Uwanjani
Katika mitaa ya Tanga kama Ngamiani na Makorora, mapenzi ya African Sports na Coastal Union, bingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, hurithiwa toka kwa wazazi. Hata hivyo, ushabiki wa kukaa hauimarishi moyo. Shirika la Afya Duniani humshauri mtu mzima kufanya mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Nusu saa kwa siku 5 hutosha. Klabu ya mtaa hurahisisha jambo hilo, kwani mwanachama hujua kuwa wenzake wanamngoja. Kwa joto la pwani, jioni hufaa zaidi. Asiyezoea aanze kwa kutembea. Akihisi maumivu ya kifua, aache mara moja na kuwahi hospitali.